Malalamiko ya Ghorofa ya Nne Kuhusu Koki Zinazojipima Joto

Kwa Ndugu Ognyan Karadimov,
Mwenyekiti wa Wakazi, Jengo Namba 14, Ruse.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na madirisha yako yamefungwa kama ya kila mtu, maana hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Tangu Novemba, mafundi wako walipotufungia koki zinazojipima joto kwenye vyuma vya kupashia nyumba joto, jengo limeharibika. Tangazo lako ubaoni linasema joto linalopotea limepungua kwa theluthi moja. Sikatai. Lakini kupotea kwake ndiko kulikokuwa maisha yetu.

Kwanza. Kwa majira ya baridi thelathini na moja, chuma cha joto sebuleni kwangu kilijua kazi moja tu: kuchemka. Kupunguza joto tulipunguza kwa dirisha, kama watu wastaarabu. Januari, theluji magotini, mimi nipo na gauni la mikono mifupi nakula aiskrimu. Nani alilalamika?

Pili. Kwa kuwa sote tulishinda dirishani, tulisikilizana. Bwana Lyuben wa ghorofa ya tatu, mgane, zamani mpiga tarumbeta wa bendi ya reli, alikuwa akitoa kichwa na kuita: “Bi Zdravka! Hizo sarmi zako za kabichi zimeiva, au unatutesa kwa harufu tu?” Nami: “Kabichi yangu haiwatambui wadoezi!” Jengo zima kicheko. Sasa kimya. Wiki mbili nzima sikusikia sauti nyingine nyumbani isipokuwa ya friji.

Tatu. Jumatatu nilifungua dirisha makusudi nimwite Bwana Lyuben. Kile kidude cha koki kikanusa kwamba dirisha li wazi, kikazima joto papo hapo! Nikakiambia, “Mpelelezi mkubwa wewe!” Nikafunga dirisha kabla sijaita.

Nne, na hili ndilo kubwa. Kwa kukosa dirisha, Jumanne Bwana Lyuben alilazimika kupanda ngazi na goti lake bovu, akapiga hodi. “Nilidhani umekufa,” akasema. “Bado,” nikamwambia, “foleni ndefu.” Mkononi ana chupa ya rakia kali ya kupasha mwili. Na kwa kuwa nyuzi ishirini za koki zako si joto la watu kukaa mbali mbali, tulisogeleana. Jumatano akarudi. Alhamisi akaja na tarumbeta. Ijumaa dada yangu Yordanka akapiga simu: “Nasikia blanketi moja, watu wawili! Kwa umri huo, wewe?” Nikamjibu ni agizo la Mwenyekiti, tunaokoa nishati.

Kwa hiyo nadai koki zote zing’olewe kabla ya Jumapili, vyuma vichemke, nawe uniombe radhi mbele ya wakazi, kwani heshima yangu ya miaka sita ya ujane imevuja upesi kuliko hilo joto lako.

Nisalimie mkeo Milka, mama mkwe wako, paka wa chumba cha mabomba, na hata yule fundi aliyekanyaga zulia langu na viatu.

Wako katika nyuzi ishirini,
Zdravka Minkova,
ghorofa ya nne, mlango wa kushoto.

N.B. Ghorofa ya pili wanakusanya sahihi ili koki ziondolewe. Yangu ilikuwa ya kwanza. Asubuhi hii nimeshuka nikaikata kwa wino mwekundu. Ila kidude changu mmekifunga kisishuke chini ya nyuzi kumi na nane. Mtume fundi anifungulie, tena haraka. Kumi na tano zitatutosha.