Stima Yangu ya Jua, Isinya

Jumatatu, 3 Mei 2004
Nimenunua sola! Paneli, betri na taa mbili, kutoka duka moja la Kitengela. Fundi alitaka kuja kufunga. Nikamwambia asijisumbue. Karani mzima nishindwe na nyaya mbili?

Ilikuwa lazima. Nilipomtoa mke wangu Akoth nyumba ya kupanga Gataka tuje kwenye ploti yetu hapa Isinya, niliapa stima itafika kabla ya Krismasi. Krismasi imepita. Leo asubuhi amesema Jumapili ikimkuta bado anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake kwa koroboi, anarudi Gataka kwa dadake, na sufuria zote anabeba. Naogopa. Akoth hafanyi mzaha na sufuria.

Jirani yetu Katoo ana sola tangu mwaka jana. Jioni boma lake linang'aa, hata ng'ombe wake wanaonekana wanono zaidi. Inaniuma sana.

Jumatano, 5 Mei
Giza tupu. Nilikuwa nimeiweka paneli ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, wezi wasiione. Kumbe hata jua halikuiona. Katoo alipita, akanisalimu kwa Kimaasai, sopa, akauliza mimi Ondiek nina mgonjwa gani huyo amelazwa ndani. Sikucheka.

Ijumaa, 7 Mei
Paneli iko juu ya mabati. Taa imewaka! Dakika chache, halafu ikafifia. Akoth amesema betri iachwe ishibe jua siku mbili tatu. Siku zipi, na Jumapili ni keshokutwa?

Nimefikiri. Akoth akipika kunde hutia magadi, na mboga ngumu inalegea mara moja. Na magadi ni mali ya hapa hapa Kajiado. Betri itashindwaje?

Jumamosi, 8 Mei
Nimefungua vifuniko vya betri, nikatia kijiko kimoja kila tundu. Ikachemka! Povu likapanda, likamwagika, likatoboa suruali yangu ya kanisani. Nikapiga kelele kwamba imeamka. Haikuwa imeamka. Imekufa kabisa.

Akoth amesema magadi huua asidi, na betri bila asidi ni debe tu, hata watoto wake wa darasa la sita wanajua. Kisha akaanza kutoa sufuria kabatini. Katoo alicheka mpaka akaketi chini. Akauliza kama nilitia na kitunguu.

Jumapili, 9 Mei
Akoth hajaenda! Nalotuesha, mke wa Katoo, alikuja alasiri akamsihi Mwalimu asiache nyumba yake kwa sababu ya taa. Nyuma yake Katoo, anasukuma wilbaro, na ndani yake betri yao wenyewe. Tuitumie mpaka tupate nyingine. Wao leo wanatumia koroboi. Taa inawaka, Akoth anasahihisha huku akiimba. Machozi yamenilenga.

Lakini nimeitazama betri ya Katoo kwa makini. Imechoka kidogo, mwanga una wekundu. Siwezi kumrudishia jirani mwema kitu dhaifu. Na Akoth mwenyewe amesema betri inataka asidi. Kesho akienda shule, nitaikamulia ndimu. Ziko nne jikoni.