Saa Tano Angani

Jumatatu, 4 Machi
Dada kapiga simu kutoka ng'ambo, alikompeleka Mama kutibiwa macho. Mama anaona! Miaka mitatu ya ukungu, sasa anaona. Anarudi Ijumaa, peke yake. Ndege itapaa saa nane mchana. Simu ikakatika kabla hajasema itatua saa ngapi. Sikupiga tena. Nia yangu ni moja: uso wa kwanza wa nyumbani atakaouona Mama uwe wangu. Si wa Kaka, seremala wetu, kipenzi chake.

Jumanne, 5 Machi
Nimefunga karakana yangu ya redio mapema. Ramani ya dunia, rula. Uwanja hadi uwanja: kilomita elfu nne. Mteja mmoja husema ndege hukata mia nane kwa saa. Basi saa tano angani. Inatua saa moja jioni! Mke wangu akauliza kwa nini nisimuulize Dada tu. Nikamjibu kuuliza ni kwa wasiojua hesabu. Akanitazama kama redio iliyoungua.

Alhamisi, 7 Machi
Kaka kaja kuuliza Mama anatua saa ngapi. Nikamwambia saa tatu usiku. Kanishukuru! Kasema mimi ndiye msomi wa familia. Moyo ukanichoma kidogo. Nikanywa chai, ukatulia.

Ijumaa, 8 Machi
Ole wangu. Nilifika saa moja kasorobo, shati jeupe, ndevu zimenyolewa. Ukumbi kimya. Mlinzi akasema ndege ilitua saa kumi na moja. Nikabisha, nikamsomea hesabu zangu. Akaniuliza kwa upole kama nilikumbuka kuwa saa za kule ziko mbele ya zetu kwa saa mbili.

Sikukumbuka!

Mama alikuwa kwenye benchi la mwisho, mkoba mapajani. Mfagiaji wa uwanja, mwanamke wa makamo, alikuwa amekaa naye, kamshika mkono. Akaniambia Mama alisimama kila mwanamume alipoingia. Kila mmoja!

Mama hakunigombeza. Alinishika shavu, akanichunguza.

"Umezeeka, mwanangu," akasema. "Nilidhani mmenisahau."

Bora angenizaba kibao.

Jumamosi, 9 Machi
Kaka naye alikwenda jana saa tatu, na kigoda alichomchongea Mama apumzikie. Akakuta ukumbi mtupu. Leo kaniuliza kulikoni. Nikasema ndege iliwahi. Akaamini. Kasema ndege za siku hizi hazitabiriki. Sikuweza kula.

Jumapili, 10 Machi
Mama atarudi huko mwezi ujao kupimwa macho. Ndege ya kumrudisha nyumbani ni ileile ya saa nane. Kaka anataka tumuulize Dada inatua saa ngapi. Nimemwambia asijisumbue, kosa nimeshaling'amua: zile saa mbili! Saa moja, ongeza mbili, saa tatu usiku.

Kaka nitamwambia saa tano.