Jiwe la Nesta kabla ya Jumapili ya Maua

Jumamosi, 28 Machi 1998

Siku nane. Shemeji Idwal kanipa siku nane! Kaja hadi mlangoni, hakuvua hata kofia. Kasema dada yake, mke wangu Nesta, amelala miaka minne chini ya kijiti chenye namba kama mche wa kabichi. Kijiji kizima kitapeleka maua makaburini Jumapili ijayo, na yeye hataki aibu ile kwa mwaka wa tano. Nisiposimamisha jiwe, atasimamisha lake. Keshaliagiza. Granaiti nyeusi, yenye kung'aa kama kiatu cha karani wa benki, na herufi za dhahabu.

Granaiti! Kwa binti wa Robat Huws, aliyefia ndani ya Shimo la Buluu akichimba mawe ya sleti ya kuezekea nyumba za watu asiowajua! Nesta aliniambia mwenyewe, siku tatu kabla hajafa: "Usiniwekee jiwe la dukani, Caradog. Niwekee la kwetu." Nikamshika mkono, nikaapa. Machimbo yalifungwa mwaka sabini. Shimo la Buluu limejaa maji.

Nyuma ya nyumba yangu kuna mlima mzima wa sleti tuliyoitupa. Nimeupekua miaka minne. Makombo matupu! Kwa kila tani moja nzuri tulitupa tisa, na hizo tisa ndizo nilizoachiwa. Mabamba mazima machache yamo kwenye karakana ya zamani juu mlimani. Karakana ina kufuli. Ufunguo uko kwa Kamati ya Urithi, na mwenyekiti wa Kamati ni nani? Idwal. Alikuwa karani wa ofisini, patasi hakuwahi kuishika. Mwaka jana nilimwomba bamba moja tu. Akajibu kwamba urithi hauguswi. Analinda vifusi kwa kufuli, halafu anamnunulia dada yake granaiti.

Mpango wa kwanza: dirisha la karakana. Nimepanda saa tisa. Dirisha limepungua tangu mwaka sabini. Nimekwama kiunoni robo saa nzima, kondoo watatu wakinitazama. Nimerudi bila bamba na bila kifungo kimoja cha koti.

Jumapili, 29 Machi

Kanisani tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na mchungaji. Katangaza kwamba kanisa litafungwa baada ya Pasaka, kwa sababu paa linavuja. Paa la sleti, linavuja, katika kijiji hiki! Nikatazama kiti cha Nesta. Machozi yakanijia. Nikatoka kwenda choo cha wanaume kupenga kamasi, nikaegemeza mkono ukutani.

Nikaliona.

Bamba la kukojolea. Nimesimama mbele yake tangu nina miaka mitano, na leo ndiyo mara ya kwanza kuliona. Futi nne na nusu kwa mbili. Buluu ile ile ya Shimo la Buluu, inayoingia wekundu kidogo ikilowa. Na lilikuwa limelowa. Halina ufa. Kwenye usawa wa macho lina doa la kijani la asili ya jiwe lenyewe, kiasi cha yai. Pazuri mno! Nikatoa sarafu nikaligonga. Jiwe bovu hugongeka kama ubao, jiwe zima hulia kama kengele. Likalia! Mungu anisamehe, nilipiga magoti mle chooni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na hakuna atakayelijua. Nani huangalia ukuta wa choo?

Jumatatu, 30 Machi

Ufunguo wa kanisa uko kwa Bi Morfudd, mtunza kanisa. Nimemwambia nataka kusafisha choo cha wanaume, iwe huduma yangu ya mwisho kwa nyumba ya Bwana. Kaninusa mdomo kwanza. Kisha kasema, "Bwana Caradog, marehemu mkeo alikaa na wewe miaka thelathini na tisa, sikuwahi kusikia umeosha kikombe." Lakini ufunguo kanipa.

Saa kumi kijiji kizima kilikuwa kinajua. Mchungaji kapiga simu kusema ameguswa sana, na kuuliza kama ningeweza kufanya na cha wanawake. Idwal kawaambia watu dukani kwamba majonzi yamenipanda kichwani. Nimesugua vyoo viwili. Goti limevimba kama kiazi.

Jumanne, 31 Machi

Bamba halibebwi na mtu mmoja. Nimemwendea Tecwyn, mwenzangu wa kundi moja machimboni kwa miaka ishirini. Maskini Tecwyn. Vumbi la sleti limemjaa mapafuni, hatua tatu anapumzika. Baruti nazo zilimwachia sikio moja, kwa hiyo akinong'ona ng'ambo ya bonde wanasikia.

Nilipomweleza alinitazama kwa huruma. "Carad, la kuvunda halina ubani. Mke wa mtu umwekee bamba la mkojo?" Nikamkumbusha kwamba sleti hainywi kitu, ndiyo maana iliwekwa pale. Hilo alilijua. Akahema kidogo. Kisha akasema majira ya baridi ya mwaka tisini na moja, Nesta alimletea supu kila Alhamisi, na hakuna mwingine aliyekuja. Akavaa koti lake.

Misumari minne ya kukaza, yote na kutu. Saa nzima. Tumelipakia kwenye kigari cha mtoto, kile kikubwa ambacho Nesta alikinunua mwaka hamsini na nane na ambacho hakikupata mtoto. Sikuwahi kuwa na moyo wa kukitupa. Nikalifunika kwa blanketi. Hatua tatu, pumziko. Hatua tatu, pumziko.

Kwenye kona ya posta, Idwal huyo! Kauliza tumebeba nini. Nikasema rafu ya zamani ya maziwa, ya kwao Tecwyn. Tecwyn, ambaye hakusikia, akaitikia kwa sauti kwamba ni nzito kama dhambi. Idwal akaligonga kwa fimbo yake kupitia blanketi. Likalia. Uso ukambadilika kidogo. Karani au si karani, ni mtoto wa mchimbaji. Kauliza kwa upole jiwe zuri hivi lilikuwa limefichwa wapi. Nikajibu kwamba lilikuwa ukutani. Na huo ulikuwa ukweli mtupu!

Jumatano, 1 Aprili

Nimeliosha kwa magadi, kwa siki, na kwa maji ya moto mara saba. Halina harufu hata chembe. Harufu iliyobaki ni ya koti la Tecwyn.

Nikaligeuza kuosha mgongo. Umeganda saruji. Nikakwangua. Chini ya saruji kuna herufi.

R. HUWS. SHIMO LA BULUU. 1934. Na chini yake, ndogo, zimechongwa kwa ncha ya msumari: N na I.

Nimekaa juu ya ndoo sijui muda gani. Robat Huws, baba mkwe wangu ambaye sikuwahi kumwona. Walijitolea kukijenga choo kile wachimbaji wenyewe, na kila mmoja alileta bamba lake bora. Yeye alileta hili, na kwa siri akaandika watoto wake mgongoni. Nesta alikuwa na miaka mitatu, Idwal mwaka mmoja. Miaka mitatu baadaye mwamba ukamwangukia. Nimelia kwa sauti. Sioni haya kuandika.

Nikavaa kofia kwenda kumwita Idwal. Maana naye hakubakiwa na kitu cha baba yake, ila saa iliyovunjika. Nilifika hadi getini kwake. Mkono ulikuwa kwenye komeo.

Nikarudi. Akiliona atalitia kwenye kabati la vioo la Kamati. Urithi hauguswi! Na Nesta atalala chini ya granaiti. Bora ninyamaze.

Ijumaa, 3 Aprili

Siku mbili za kuchonga. Mimi ni mpasuaji wa sleti, si mchonga herufi. N imekuwa kubwa kuliko wenzake. A ya mwisho inayumba kama mtu anayetoka kilabuni. Tecwyn ameshika rula na kutoa maoni ambayo sikumwomba. Kasema doa la kijani lifutwe kwa patasi. Nimekataa! Liko chini kidogo ya jina, kama jani. Ndilo pambo la jiwe zima.

Sleti hupasuka ingali na unyevu wa mlima. Ikishakauka ni ukaidi mtupu, huwezi kuifanyia lolote. Nesta alikuwa akisema ndivyo nilivyo mimi.

Jumamosi, 4 Aprili

Tumelisimamisha mapema, mimi na Tecwyn, kabla watu hawajaja na ndoo na brashi zao. Nimelifunika shuka. Kutwa nzima watu wanasugua makaburi yao na kutazama shuka langu. Raha tupu!

Idwal kaja na gari. Granaiti imo nyuma, imefungwa magodoro. Kasema atasubiri hadi kesho saa nane, na kama chini ya shuka kuna mlango wa kabati, ataushusha kwa mikono yake.

Jumapili, 5 Aprili. Jumapili ya Maua

Kanisa lilijaa, kama kila Jumapili ya Maua. Kabla ya ibada wanaume walitoka kama kawaida yao, wakarudi haraka mno.

Idwal kasimama kwenye kiti cha wazee wa kanisa, mweupe kama chokaa. Katangaza kwamba wezi wameingia na kuchukua urithi wetu. Wanawake wakauliza urithi gani. Wanaume wakatazama viatu vyao. Mchungaji akasema ni kifaa. Bi Morfudd akauliza kifaa gani. Idwal akapiga meza: "Siku za mwizi ni arobaini!" Nikahesabu. Zangu zilikuwa tano.

Saa nane, makaburini. Njano ya maua kila mahali, watu hamsini hivi. Nikavua kofia, nikavuta shuka.

Wanawake walisema aa! Bi Morfudd alilia. Nami nikajaa fahari kifuani. Kisha nikawatazama wanaume.

Kila mmoja alisoma jina. Kila mmoja akashusha macho kidogo, yakafika kwenye doa la kijani, yakakwama pale pale. Wazee kumi na wawili. Bila kujijua, wakawa wamesimama mstari mmoja mbele ya jiwe, miguu imeachana kidogo, macho kwenye doa, kama walivyosimama Jumapili zote za maisha yao. Mmoja akakohoa.

Tecwyn akanong'ona, hadi kondoo wakainua vichwa: "Wamelijua, Carad! Si nilikwambia ulifute?"

Idwal akanijia. "Shemeji. Umemwekea dada yangu..." Akashindwa kumaliza, wanawake wapo. Akashika jiwe kwa mikono miwili, alitikise, alishushe.

Sikuwa na mpango. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikuwa na mpango wowote. Nikamwambia tu apite nyuma ya jiwe atazame.

Akapita. Nikaona kofia yake juu ya jiwe. Kisha sikuiona. Nilipomfuata alikuwa amepiga magoti kwenye tope na suruali yake ya Jumapili, kidole kikifuata herufi. Kauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama huo ni mkono wa baba. Nikasema ni wake. Kauliza hiyo I.

"Ni wewe, shemeji. Ulikuwa na mwaka mmoja."

Akaigusa tena ile I. Halafu akasema, "Miaka yote ile nimesimama pale. Kumbe baba alikuwa upande wa pili."

Nikapiga magoti karibu naye. Goti lile bovu. Tukalia wote wawili, wazee wazima, nyuma ya bamba la choo. Wanawake walipouliza wanaume wana nini leo, waliambiwa ni upepo.

Jumatatu, 6 Aprili

Mambo yameisha vizuri mno. Granaiti imerudishwa. Mchungaji ameamua jiwe libaki. Lilitolewa kwa nyumba ya Mungu, kasema, na Nesta alikuwa wa nyumba hiyo miaka sitini. Lakini imenipasa kuweka mkono juu ya Biblia, mbele ya wazee wote, na kuapa kwamba sitafungua tena msumari wowote wa kanisa. Nimeapa kwa moyo wangu wote. Siku hizi kumi zimenifunza mengi. Mtu aseme ukweli, aombe kwa mdomo wake, asinyemelee. Ningemwita Idwal siku ile ile ya Jumatano, tungelia siku nne mapema.

Idwal kanialika chai na mkate wa zabibu. Mara ya kwanza tangu mazishi. Kasema niende wakati wowote, hapo ni kwangu. Tulizungumza hadi saa kumi na moja. Ametoa ile saa ya baba yake, akanipa niishike.

Wakati wa kutoka nikajikwaa mlangoni kwake. Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Kizingiti chake. Buluu, inayoingia wekundu ikilowa, na mvua ilikuwa imenyesha. Nikatoa sarafu, nikagonga polepole. Kikalia! Nimekipima kwa shubiri: futi nne na nusu. Ndugu kamili wa jiwe la Nesta. Pembeni ya kaburi la Nesta pana nafasi yangu mimi, na la dukani silitaki.

Ningeweza kumwomba. Lakini ni mwenyekiti, huenda akasema urithi hauguswi. Tena kizingiti si kanisa, kiapo hakikigusi. Tecwyn kasema mapafu hayataki. Nimemwambia ni hatua tatu na pumziko, kama juzi.

Idwal anakwenda kwa bintiye Alhamisi, hadi Pasaka ipite. Kigari nimeshakitia mafuta.