Mtambo wa Kufundisha Maadili

Sukari hakuitwa Sukari kwa utamu wa tabia. Ni mdomo. Angeweza kumuuzia kinyozi nywele alizofagia mwenyewe asubuhi, tena kinyozi akashukuru.

Siku hiyo alikuwa kantini ya chuo kikuu na mfuko wa makava ya simu, yale yanayochubuka ukiyatazama sana, aliposikia wahadhiri wakilalamika. Uongozi umeamua masomo yahamie mtandaoni. Mhadhiri arekodi vipindi, afungue mjadala kila wiki, amjibu kila mwanafunzi ndani ya siku moja, na arudishe kazi zikiwa na maoni ya maana, si alama tupu.

"Siku moja?" alisema mama mmoja wa miwani, mhadhiri wa Maadili ya Biashara, ambaye wote walimwita Daktari. "Mimi hata mume wangu simjibu ndani ya siku moja."

Sukari akameza mate. Jamani, kuna riziki inayokuja yenyewe na kujivutia kiti.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kava sitaki."

"Na mimi nimeacha kuyauza dakika hii hii, kwa huruma. Kuna mtambo, Daktari. Naufunga kwenye somo lako, unawajibu wanafunzi, unasahihisha, unaendesha mjadala. Mwanafunzi akisema amefiwa, unampa pole."

"Na hauchoki?"

"Utachokaje, na hauna mgongo?"

Daktari akamtazama kwa macho ya mtu aliyefundisha maadili miaka mingi hadi yakamtoka puani. Wakakubaliana: nusu ya malipo sasa, nusu muhula ukiisha. Hiyo nusu ya pili Sukari hakuwa na habari nayo. Mpango wake ulikuwa kula ya kwanza, kutupa laini ya simu na kuingia mitini.

Lakini tapeli naye ana heshima ya kazi. Akakaa ofisini kwa Daktari, akafungua ukurasa wa somo, akapanga maelezo ya zamani kwa wiki, akabandika picha ya Daktari ya enzi za ujana. Ikabaki kuonyesha mtambo unavyofanya kazi. Akaweka namba yake ya simu kama mahali pa kupokea maswali, Daktari akauliza swali kwenye kompyuta, na Sukari akalijibu kwa kidole gumba chini ya meza. Daktari akaisoma ile namba polepole, midomo ikicheza, akatabasamu, akalipa.

Baada ya siku tatu za kuila hela hiyo mjini, Sukari akarudi nyumbani kufunga begi. Alikuwa akiishi na mama yake, fundi cherehani, kwenye vyumba vilivyo nyuma ya duka la kushonea. Akamkuta mama ameacha cherehani, kavaa kitambulisho kipya shingoni, kaikodolea simu macho.

"Mwanangu, nimeingia chuo kikuu," alisema mama. "Mtandaoni. Somo linaitwa Maadili ya Biashara. Mteja wangu mmoja ameniandikisha, na ada kasema kuna mfadhili."

Begi likamponyoka.

"Ya nini sasa, mama, na umri huo?"

"Niliacha shule nikiwa na mimba yako. Sikujuta, usinielewe vibaya. Ila nimetaka siku moja niitwe mwanafunzi tena, basi."

Sukari akaliokota begi. Aliona uchungu, na aibu juu yake. Akitoroka, mama ataandika maswali na hakuna atakayejibu. Akalirudisha begi juu ya kabati.

Swali la kwanza lilitua mfukoni mwake wakiwa wamekaa pamoja. "Mwalimu, fundi akiharibu kitambaa cha mteja akanyamaza, ni bahati mbaya au ni wizi?" Sukari akasema tumbo linamsumbua. Akajifungia chooni, akaandika kwamba kuharibu ni bahati mbaya, kunyamaza ndiko wizi. Akabaki kayatazama maneno yake mwenyewe kama mtu aliyekutana na mdai njiani.

Alidhani atamjibu mama peke yake. Wapi. Mama alisoma mjadala wa darasa zima.

"Yule binti wa duka la dawa hajajibiwa tangu jana. Huyu ni mwalimu au sanamu?"

Sukari akaenda tena chooni. Kazi ya kwanza ya mama alipoileta, akaipa alama za juu bila kufungua. Mama akanuna hadi jioni.

"Hakusoma. Ukurasa wa pili nimeurudia mara mbili kwa makosa, na yeye kaandika 'vizuri sana'. Anatudanganya huyu."

Basi mtoto wa mjini akanunua kitabu, akasoma, akasahihisha kazi za darasa zima mstari kwa mstari. Mama akapata alama za wastani, akazionyesha kwa kila mteja. Makava ya simu yakaota vumbi.

Muhula ukaisha. Mama akafaulu, na Daktari akatangazwa mhadhiri bora wa mtandaoni. Sukari akaenda ofisini kwake akiwa, kwa mara ya kwanza maishani, anadai jasho lake la halali.

"Nusu ya pili?" alisema Daktari. "Niliitumia kulipa ada ya mama yako. Mfadhili ni wewe. Hongera."

"Ulijua?"

"Namba ya mtambo wako imeandikwa kwa rangi mlangoni kwa mama yako: kwa oda piga simu. Magauni yangu yote anashona yeye. Nikasema kijana huyu atakimbia, labda awe na mwanafunzi asiyeweza kumkimbia."

Sukari akakaa chini bila kukaribishwa. Ameingizwa mjini, yeye, mwenye mji. Na alipotafuta hasira hakuipata, maana asubuhi hiyo mama alikuwa akipiga pasi gauni la sherehe huku akiimba.

"Basi tumemalizana, Daktari. Naomba ruhusa."

"Kaa kwanza. Muhula ujao nina somo la Takwimu."

"Takwimu siijui hata kidogo. Na mama kashamaliza."

"Mama kamaliza," alisema Daktari, akimsogezea kitabu kinene. "Shangazi zako wawili wamejiandikisha jana."