Matangazo ya Ndoa ya Mheshimiwa na Mdau

Chimala, Mbarali
12 Januari

Mjomba Aroni mpendwa,

Lile ulilosema kwenye simu kabla salio langu halijaisha, kwamba maswali yangu ya kampeni ni ya mtu aliyelewa ndoa, nalikubali kabisa. Nimelewa. Ni miezi mitatu tangu nitoke kwetu Kihesa kuja kwa Yotamu wangu, na bado akirudi shambani na matope mpaka magotini namwona kama anaingia kanisani na suti. Ndiyo maana nakuandikia wewe, uliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi yetu na, wiki zile zile, mwenyekiti wa kampeni ya Mheshimiwa mbunge wetu. Hakuna mwingine mwenye uzoefu wa kamati zote mbili. Naomba kulalamika kwa heshima.

1. Kwenye harusi yetu ulishika kipaza sauti ukasoma jina la kila aliyechangia. Hata shangazi Paskalina hukumwacha: "Aliahidi kreti mbili za soda, imefika moja, tunaendelea kumwombea." Ukumbi mzima ukacheka, shangazi akajifunika kitenge. Lakini kwenye kampeni yalikuja magari tisa, fulana, jukwaa na pilau ya kata nzima, na ulipoulizwa nani katoa ulijibu neno moja tu: "Mdau." Mjomba, wa kreti moja anaanikwa, wa magari tisa anasitiriwa?

2. Nikiwa kidato cha pili niliandikiwa barua ya mapenzi isiyo na jina. Mwalimu wa nidhamu alilinganisha miandiko ya darasa zima mpaka akampata mhusika, akampa adhabu ya kupalilia bustani ya shule wiki nzima. Na barua yenyewe ilikuwa na ua moja la kuchora! Mheshimiwa kapendwa kwa magari, na hakuna aliyeomba kuona mwandiko.

3. Kwetu anayetoa mahari hujulikana, maana bibi harusi lazima ajue anakwenda kwa nani. Nimefikiri sana, nimeona kwamba Mheshimiwa alishatolewa mahari kabla hatujapiga kura. Sisi tulikuwa wapambe tu. Tulipiga vigelegele, tukala pilau, yeye akapelekwa kwa mwenyewe.

4. Na huyo mwenyewe ameshaanza kumtuma. Zamu yetu ya maji, ya Jumanne, imehamishiwa lile shamba kubwa la juu ya mfereji, lisilo na kibao. Lango letu la kuingizia maji shambani limepigwa kufuli. Yotamu alimuuliza Yohane, mlinzi wa mfereji, shamba ni la nani. Akajibiwa, "Wewe bwana harusi, maswali ya nini? Nenda nyumbani ukale wali wa mkeo. Hilo ni la Mdau." Wali upi, Mjomba? Miche yetu ya mpunga imeshakuwa ya njano na ilipaswa kupandikizwa wiki hii. Hatuna shamba lingine. Yotamu hanung'uniki. Ananishika mkono tunaiangalia pamoja ikikauka, na hata hapo ni mzuri jamani!

Ombi langu ni dogo. Mimi na Yotamu tulitangazwa kanisani Jumapili tatu, majina yote mawili, na mwenye pingamizi akaombwa aseme. Naomba Mheshimiwa na Mdau watangazwe vivyo hivyo. Msikitini nako watangazwe baada ya sala ya Ijumaa, ili Hamza wa duka la mbolea na wenzake wasikose habari. Jina la Mdau lisomwe kamili, na anakotoka, na alichotoa, na alichoahidiwa. Sisi pingamizi tunalo, limening'inia langoni. Kama wanapendana kweli watastahimili. Sisi tulimstahimili mama mkwe.

Nisalimie wote hapo Mbeya, hasa shangazi Tumpe, na kila mdau mwenye jina.

Mpwa wako aliyeolewa akaoleka,
Faustina

N.B. Nilikuwa sijafunga bahasha, Yotamu akaingia anakimbia. Kufuli limeondolewa, maji yamejaa mpaka kwenye kingo, na hapa mlangoni kimeshushwa kitanda cha mninga, sita kwa sita, na godoro lake bado lina nailoni. Aliyekileta kasema mtoaji hapendi kutajwa. Mjomba, futa namba moja mpaka nne, na yale matangazo usimwambie mtu. Mwenye moyo kama huu, jina lake la nini? Tutakuja Mbeya kabla mwezi huu haujaisha, utufikishie shukrani zetu kwake, yeyote yule.