Nafasi ya Judica Chuoni

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Nimefika! Mimi Paskalina, niliyeishia darasa la saba, niko kwenye mji wenye chuo kikuu. Nalala kwa shangazi yake Margwe, mume wangu. Mwanangu Basili amesafiri vizuri mgongoni. Hajatapika. Namshukuru Mungu.

Naandika ili nisipotee njiani na nisisahau kilichonileta. Mdogo wangu Judica amepata divisheni wani kidato cha sita. Fizikia, kemia, baiolojia. Anataka udaktari. Chuo hiki kina ufadhili kwa waliofaulu sana, wanakulipia ada mpaka chakula. Akiupata, anasoma. Asipoupata, hasomi. Baba ameshasema na Baba hasemi mara mbili. Shamba letu la Haydom linalisha watu, halijawahi kusomesha daktari.

Judica mwenyewe yuko jeshini, JKT, mpaka mwisho wa mwezi, na simu wamewanyang'anya. Kabla ya kwenda alinikalisha chini. Dada, matokeo yakiwa mazuri, nenda ile wiki ya kutembelea chuo. Waulize ufadhili ukoje. Waambie niko jeshini. Usiongeze kitu.

Hilo la usiongeze kitu alilirudia. Ananijua.

Nimeongeza vitunguu saumu. Kiroba kimoja tu! Ufaulu ni mzuri, sikatai, lakini mtu apewe nafasi kubwa hivyo bila kujulikana? Hata mkusanya sadaka kanisani huchaguliwa anayejulikana.

Sasa balaa. Kwenye basi nikamkuta nani? Mama Michael! Imakulata wa nyumba ya juu, mkoba mpya, na Michael wake pembeni anatazama simu. Naye divisheni wani. Jeshi hakwenda, ana pumu. Mama Michael akakiangalia kiroba changu akauliza, Mama Basili, unapeleka vitunguu soko la wapi? Nikasema nakwenda chuoni kusalimia. Akacheka mpaka basi likafika Dareda.

Acheke.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Chuo ni kikubwa kuliko kijiji chetu na cha jirani. Majani yamekatwa yote sawa na hakuna hata mbuzi mmoja wa kuyala. Uchungu.

Mlinzi aliona kiroba akanielekeza jikoni. Nikasema mimi ni mgeni. Akasema wageni hawanuki hivyo. Mpishi naye akatoka kutaka kununua vyote, nikakataa, akanisonya.

Kwenye dawati la ufadhili yuko dada mmoja anaitwa Monica. Mtu wa Mbeya, ana sauti ya upole. Ni mdogo kwangu lakini ofisi ni kubwa, nikashindwa nimwamkie au aniamkie. Nikamwamkia kiti chake. Shikamoo, huku natazama kiti. Akacheka, akaitikia kwa aibu.

Akauliza anisaidie nini. Nikasema hakuna shida, nimekuja kuwaona.

Maana mgeni hatupi shida yake mlangoni kama gunia. Kwetu unafika, unasalimia, unakaa. Wanakuuliza mvua, ng'ombe, watoto, wazee. Wakishakuona kuwa wewe ni mtu, kesho yake unasema kilichokuleta, na hapo nani atakukatalia? Nikakaa. Nikangoja niulizwe ng'ombe.

Hawakuuliza ng'ombe. Monica alinipa soda. Baadaye akaja tena akauliza, dada, una hakika hakuna unachohitaji? Nikasema tuko salama kabisa, mahindi tumevuna. Akasema hongera.

Mama Michael alipoingia nilitamani sakafu ipasuke kwa niaba yake. Tumekuja kwa ufadhili! Hivyo hivyo! Hata kuuliza wameamkaje hakuna. Michael akaandikishwa kabla soda yangu haijaisha. Kutoka nje akaniambia, Mama Basili, mdogo wako yuko wapi? Hawa asiyekuwepo wanamkata jina, shauri yako.



Wakati wa kuondoka nilisukuma kiroba chini ya meza ya Monica, taratibu, mtu asione. Siku ya kwanza imekwenda vizuri sana. Kesho nasema.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Kumbe leo ndiyo mwisho wa kuandikisha! Sasa siku za kusalimiana watu hawa wanaziweka wapi?

Nilikuta madirisha yote ya ofisi yamefunguliwa na Monica amejifunga mtandio puani. Walikuwa wametafuta panya aliyekufa tangu asubuhi. Wakakuta kiroba. Nikasema ni changu, yaani ni chako. Akasema, dada Paskalina, nakushukuru, ila hapa hatupokei kitu kwa mtu yeyote, tafadhali ondoka nacho. Alisema kwa heshima. Ndiyo ilivyouma zaidi.

Basi nikasema shida. Nilimwambia jina la Judica, akaandika kwenye kompyuta, akatazama, akatazama tena. Akasema matokeo haya ni mazuri sana. Mwenyewe yuko wapi?

Nilifungua mdomo niseme jeshini. Naapa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikakumbuka, asiyekuwepo anakatwa. Nikasema yuko nyumbani, ana mafua.

Monica akasema pole yake. Basi kamati itampigia Ijumaa saa kumi kwa usaili. Akaomba namba ya simu.

Nikampa yangu.

Vitunguu amechukua mpishi. Hakunisonya.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Nimerudi nyumbani. Nimemweleza Margwe mpango. Mimi ndiye nitakuwa Judica. Sauti zetu ni moja, hata Baba hutuchanganya tukiita ng'ombe.

Margwe aliendelea kunoa jembe. Akauliza, na wakikuuliza ya darasani? Nikasema nitasoma. Akauliza, usiku huu? Nikasema madaftari yake yapo kwenye sanduku. Akanoa tena. Akasema, Mama Basili, mpigie yule dada umwambie ukweli, hajakufanyia ubaya. Nikasema nitalifikiria.

Sikulifikiria. Nilikuwa nasoma kemia.

Kemia ni ngumu. Kuna kitu kinaitwa mole, ni cha kuhesabia. Kuhesabia nini, sijaelewa, ila ni vingi mno. Mwandiko wa Judica ni mzuri, umelala upande mmoja kama ngano kwenye upepo. Nilikuwa naupitisha kidole tu. Mama alipofariki Judica alikuwa hajaanza kutembea. Nilikuwa naenda naye shuleni mgongoni, mwalimu akanirudisha, nikaenda tena, akanirudisha. Baadaye nikaacha kwenda. Sijuti. Basi mtoto niliyembeba mimi anaandika vitu hivi!

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Sijui kama nina nguvu ya kuandika. Naandika.

Nilipanda kilima cha nyuma ya nyumba, mtandao upo pale. Basili mgongoni amelala. Saa kumi simu ikaita. Walikuwa watatu, Monica, mzee mmoja wa sauti nzito, na mwingine anayekohoa.

Mzee akaanza kwa Kiingereza. Nikasema yesi. Akauliza tena, kirefu. Nikasema yesi, mwalimu, kwa adabu. Monica akasema tutumie Kiswahili, labda ni mafua.

Wakauliza kwa nini nataka udaktari. Hilo sikuhitaji daftari. Nikawaambia mama yetu alivyougua, tukangoja nafuu, nafuu haikuja, ndipo wakampeleka hospitali. Alifika kwa basi. Hakurudi kwa basi. Wauguzi walihangaika naye sana lakini sisi ndio tuliochelewa, kwa sababu kwetu hakuna aliyejua kwamba ule ni ugonjwa wa kukimbiza hospitali. Nikasema ninataka mtu mmoja wa nyumba ile awe anajua. Mmoja tu.

Hakuna aliyekohoa.

Kisha yule mzee, pole pole, akaniomba nimweleze tofauti ya asidi na besi.

Nikasema asidi ni kali. Akasema ndiyo, endelea. Nikasema besi ni mpole.

Na hapo Basili akaamka. Ana neno moja tu duniani, akalitoa lote. Mama! Mama! Mama! Monica akauliza, Judica, mtoto huyo ni wa nani? Nikawaza. Nikisema wangu, nimemzalisha mdogo wangu ambaye hata mchumba hana. Nikisema wa jirani, huyu hapa ananivuta nywele akiniita mama. Nikasema ni wangu. Halafu nikasema, mimi siyo Judica.

Upepo wa kilima ulivyokuwa unavuma! Nilidhani wamekata.

Monica akauliza Judica yuko wapi. Nikasema jeshini. Akashusha pumzi. Akasema, dada Paskalina, walioko jeshini tunawasubiri watoke. Imebandikwa mlangoni. Ulikaa chini yake siku nzima ukinywa soda.

Yule mzee akasema sasa kamati haijui imwamini nani katika nyumba ile. Ameweka jina la Judica pembeni. Kwa masikitiko, alisema, kwa masikitiko.

Nimelia mpaka Basili akanyamaza kunitazama. Margwe alikuja kunichukua kilimani. Hakusema nilikuambia. Alimpokea mtoto, tukashuka.

Jumapili, tarehe 31 Agosti

Judica amerudi. Amekonda, amenyolewa, anatembea kama anafuatwa na filimbi. Alimwamkia Baba kwa kupiga mguu chini, kuku wakakimbia.

Nilimwambia yote baada ya chakula. Kiroba, mafua, kilima, besi mpole. Sikuacha kitu, maana Margwe alikuwa amekaa mlangoni.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliinuka akaenda kukamua ng'ombe ambaye si zamu yake. Nikamfuata zizini. Nikasema, Judica mdogo wangu, nilitaka usikatwe. Akaendelea kukamua. Ndoo ilipojaa akasema, dada, ulinibeba mgongoni nikakua. Sasa nishushe.

Akasema kesho anakwenda chuoni peke yake. Atawaambia yeye ni nani, wamwulize wanachotaka, wakimkataa wamkatae yeye. Akaomba maji ya kunawa. Nikampa.

Nimekaa zizini mpaka ng'ombe wakanizoea.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

AMEPATA! Judica amepata! Ada, bweni, chakula, vyote!

Simu imekuja mchana, akaisikiliza amesimama wima kijeshi, kisha akakaa chini kwenye vumbi na sketi yake nzuri. Baba alitoka nje akatazama shamba muda mrefu, akarudi akasema jua limemwingia machoni. Hakukuwa na jua.

Jioni Judica ametusimulia. Kamati ilimhoji hasa. Wakamtaka aeleze kwa nini dada yake alisema uongo. Akawaambia, kwa sababu hajawahi kuona mtu wa kwetu akipewa kitu kwa kustahili tu. Yule mzee aliandika hilo. Halafu akamwuliza asidi na besi. Judica akajibu vizuri mpaka mwisho, ila anasema alipofika kwenye besi kamati nzima ilitazama chini, mabega yanatikisika.

Monica alimwambia jambo jingine. Jina la Judica lilikuwa juu ya wote kwa alama tangu matokeo yatoke Julai, kabla sijapanda basi. Wanafuata alama. Kiroba hakikuongeza, soda haikuongeza. Amenisalimia sana, anauliza hali ya Basili, na ananiomba nisifike tena ofisini.

Nimeelewa. Jina lilikuwa juu. Lakini vitu vilivyo juu huanguka, na nani alikuwa pale chini mikono wazi? Simwambii mtu. Najua mwenyewe.

Michael naye amepata, uhandisi. Mama Michael amechinja kondoo. Sisi tumechinja kuku wawili, tumekaa upande ambao upepo unapeleka harufu kwake.

Jumapili, tarehe 5 Oktoba

Judica anaripoti Ijumaa. Leo mbele ya Baba, mbele ya Margwe, amenishika mikono yote miwili. Dada, niahidi Ijumaa hutanisindikiza chuoni. Akasema akifika atapiga simu, kila Jumapili atapiga. Macho yake yalikuwa yamelowa, na yangu. Nikaahidi. Baba akasema amesikia, na Mungu amesikia.

Mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Ijumaa siendi.

Nakwenda Alhamisi. Mama Michael amenidokeza kwamba bwenini anayewahi ndiye anayechagua kitanda, wa mwisho analazwa mlangoni. Mtoto aliyekonda vile alale mlangoni, kila anayepita ampulize baridi? Nitafika asubuhi, nipige deki, nimtandikie kile cha pembeni mwa ukuta, kwa blanketi nililokwisha kukunja, nirudi kabla hajafika. Hatajua ni nani. Atadhani chuo kimempenda.

Margwe ameniona nakunja blanketi. Ameuliza la nani. Nimesema la Basili.

Wakiniuliza jina getini nitasema ni Judica. Kwa ajili ya kitanda hakuna atakayeniuliza kemia.