Jini Kaidi wa Makambako

Alhamisi, 3 Julai

Peace amelala. Naandika haraka kabla hajagundua kwamba mama yake amekaa chini.

Balaa! Jenifa, mdogo wangu, anasema haendi chuo. Jumatatu anatakiwa kuripoti Iringa, uuguzi. Sanduku limefungwa, ndoo imeandikwa jina. Sasa hataki. Sababu ni Jofrey, utingo wa lori la mbao, mtu wa Makambako. Wamekutana mara mbili tu, hapa Njombe sokoni.

Nikamuuliza huyo Jofrey ana nini. Akasema si mtu wa kawaida. Ushahidi: anatokea kwenye ukungu, mikono yake baridi kama barafu, akipumua moshi unamtoka mdomoni. Nikamwambia basi mtaa wetu wote wa Mjimwema ni majini na mchungaji ndiye sultani wao. Kwa baridi hii ya Julai nani ana mikono ya moto?

Hakucheka. Akasema siwezi kuelewa mapenzi kwa sababu nimeolewa na Danford. Danford alikuwa pale pale, anafua nepi. Akasema ni kweli.

Ijumaa, 4 Julai

Nimegundua chanzo. Hadithi ya kwenye kundi la WhatsApp. Kuna jini anaitwa Kaidi, kijana mzuri, roho mbaya. Kaidi hasalimii mtu. Anamwambia binti akae mbali naye, atamharibia maisha. Binti anazidi kusogea. Kaidi anampuuza wiki nzima, binti anakonda kwa raha. Upuuzi mtupu! Nimesoma sehemu ya kwanza ili nimjue adui.

Kisha ya pili. Uji wa Peace umeungua wakati Kaidi anavunja mlango.

Mbinu ya leo: Danford amkemee Jenifa kama baba. Nilimfundisha hata sura ya kukunja. Akasimama, akakohoa, akamuuliza Jenifa kama ameshakula.

Jumamosi, 5 Julai

Nimemwona! Lori limeshusha mbao karibu na soko. Ukungu mzito. Akatokea ndani yake, miwani myeusi usoni, akanipita mimi na mtoto mgongoni bila neno. Bila hata salamu ya kamwene! Hapa kwetu hata mwizi anaamkia kwanza ndipo anaiba.

Jenifa akamkimbilia. Jamaa akarudi nyuma, akanyoosha mkono kumzuia. Akamwambia asimsogelee, atamletea matatizo. Halafu akavua miwani. Macho mekundu kama makaa! Jenifa akanishika bega asianguke.

Na mimi nikashika ukuta kidogo. Ni uzito wa mtoto.

Sasa Jenifa amesema hata nikimfunga kamba chuo haendi. Nimemwambia kamba ipo.

Jumapili, 6 Julai

Kesho ndiyo kesho. Baada ya ibada nikaaga kwamba naenda Makambako kumjulia hali shangazi. Uongo. Nilikwenda kumfumania Jofrey. Kijana wa namna ile hakosi mwanamke pembeni.

Nikauliza, nikaonyeshwa nyumba. Na kweli, alikuwa na mwanamke! Nikajibanza nyuma ya magunia ya viazi, Peace mgongoni. Nikachungulia. Alikuwa mama yake. Amemshika kichwa, anamdondoshea dawa ya macho, na jini letu linalia kuliko Peace.

Peace akapiga chafya. Nikaonekana. Jofrey akanyanyuka, akainama mpaka chini. Kamwene dada, kamwene. Akaniuliza habari za nyumbani, za mume, za mtoto, za baridi, za mahindi. Salamu zikaenda mpaka Peace akalala.

Kisha akaomba radhi kwa jana. Hakuniona: miwani, ukungu, na tongotongo juu yake. Ana ugonjwa wa macho mekundu. Alimzuia Jenifa asimwambukize, maana mtu anakwenda kuanza uuguzi, ataendaje na macho ya namna ile? Akaniomba nimwambie asome kwa bidii.

Machozi yakanitoka. Nikampa mkono wa shukrani. Akakataa. Nikamwambia mimi si mtu wa kukataliwa mkono, nikaishika mikono yake kwa nguvu, yote miwili. Kisha nikajifuta machozi.

Jioni nikamweleza Jenifa kila kitu. Akauliza: tongotongo? Nikamwambia za njano. Na mama yake ndiye anamfuta? Ndiye. Na ana salamu ndefu? Ndefu kuliko za mzee wa kanisa.

Halafu akauliza soksi zake za safari ziko wapi.

Jumatatu, 7 Julai

Ameondoka! Amelia stendi, lakini amepanda. Ushindi! Mama akiweka akili yake mahali, hakuna jini linalosimama mbele yake.

Jicho la kushoto linawasha. Vumbi la Makambako hilo.

Jumatano, 9 Julai

Si vumbi. Mimi, Peace na Danford, wote macho ni makaa. Jirani amenipa chumvi kwa kunirushia juu ya uzio. Danford anapika kwa kupapasa, ametia sukari kwenye maharage. Hajalalamika. Ndiyo shida yake.

Jumapili, 13 Julai

Tumepona. Jofrey amepiga simu kuomba radhi kwa macho yetu, ingawa mkono nilimshika mwenyewe kwa nguvu. Akamwulizia Jenifa kwa heshima, kwa mbali, kama anayeuliza bei asiyoiweza.

Kijana mwema hivi apotee? Haiwezekani! Nimeamua awe shemeji yangu. Siyo sasa, Jenifa akishamaliza chuo. Ila kumwandaa lazima, maana mwenye adabu Jenifa hamtazami. Nikamfundisha. Amtumie ujumbe mmoja tu: usinitafute. Basi. Akipigiwa asipokee. Asieleze. Asisalimie mtu.

Akauliza kwa unyenyekevu kama hiyo si dhambi. Nikamwambia kwa ukali afuate maelekezo.

Ijumaa, 18 Julai

Jenifa amepiga, analia kwa furaha. Jofrey amemwandikia asimtafute! Tangu hapo hapokei! Hali, halali, darasani haoni ubao. Kesho anaacha chuo, anakuja Makambako kumtafuta.

Mungu wangu! Nimempigia Jofrey haraka ampokee binti wa watu, amsalimie, amwambie habari za mahindi, arudi darasani. Simu inaita, hapokei. Nimepiga tena. Hapokei. Nimempigia kwa simu ya Danford. Amekata.

Amekata!

Moyo unanidunda. Huyu kijana ana kitu.